Timu Iliyoshinda Wakati wa Mbalamwezi

Siku yangu ya kwanza kazini, katika uwanja wa mpira wa kikapu wa Migori, walikuwepo Mwenyekiti wa timu, Mzee Mwita, mfanyabiashara wa tumbaku kutoka Kehancha. Kocha Mkuu, ambaye filimbi haikumtoka shingoni hata akila. Nahodha, Odhiambo, mvuvi wa kisiwa cha Remba. Wavuvi wenzake aliokuja nao. Vijana wa mjini waliokaa benchi wakitazama viatu vyao. Na mimi, msaidizi mpya wa kocha, mwanamke wa makamo niliyevaa sketi ndefu na raba za kiume.

"Huyu ndiye atatufundisha, ama ameleta chai?" mvuvi mmoja aliuliza.

"Chai utakunywa ukishakimbia," nikamjibu.

Odhiambo alicheka mpaka akachuchumaa. "Wewe ni nyar wapi?" Alitaka kujua mimi ni binti wa upande gani.

"Nyar Kabondo."

Tangu siku hiyo hakuniita jina lingine.

Vijana mnaosoma haya huniuliza nilijifunza wapi ukocha. Wazazi wetu walipofariki, mimi nikiwa kifungua mimba, niliacha shule ya msingi ili wadogo zangu wabaki darasani. Nilipata kazi ya kufagia uwanja wa shule moja Homa Bay. Mwalimu wa michezo wa pale, mama mkali mwenye huruma, aliona nilivyorudisha mipira nikifagia. Akanipa timu ya wasichana wadogo, baadaye akanipeleka kwenye mafunzo ya makocha. Nilikaa naye Homa Bay hadi mdogo wangu wa mwisho alipopata kazi, ndipo nikahamia Migori.

Kocha Mkuu wa Migori alikuwa na dini moja, nayo ni ribaundi, yaani mpira unaogonga ubao au ringi na kurudi uwanjani bila kuingia. "Anayerusha anajipendekeza kwa watu," alikuwa akisema. "Anayeokota ribaundi ndiye anayelisha nyumba." Alinifundisha kumfungia mtu mgongo: mpira ukiwa hewani huutazami, unamtafuta mpinzani wako, unampa mgongo, unapanua viwiko na kukaa chini kama umeketi juu ya kigoda. Kufanya hivyo kunahitaji mazoezi ya kila siku, watu wale wale, mpaka mwili wenyewe ujue mwenzako amesimama wapi.

Na hapo ndipo palipokuwa na shida yetu. Timu yetu ilikuwa na ugonjwa ambao hakuna aliyeujua. Kuna wiki tulishinda kila aliyekuja, wauzaji wakafunga vibanda waje kutushangilia. Wiki zilizofuata tulipigwa hata na timu za shule. Kocha Mkuu alilaumu chakula. Mwenyekiti alileta mchungaji auombee uwanja.

Mimi nimekulia karibu na ziwa, lakini hata mimi nilichelewa kuona. Wachezaji wetu bora walikuwa wavuvi wa omena, dagaa wa ziwani. Omena huvuliwa usiku wa giza, kwa taa, kwa sababu huufuata mwanga. Mwezi ukiwa mkubwa omena hutawanyika, nyavu huanikwa, na wavuvi huja nchi kavu kupumzika. Kwa hiyo wakati wa mbalamwezi tulikuwa na timu. Mwezi ukipotea, tulikuwa na jezi tu.

Mwenyekiti alipoelewa, alikwenda moja kwa moja kwa Katibu wa Ligi kuomba mechi zetu zote zipangwe mwezi ukiwa mkubwa.

"Mzee," Katibu wa Ligi akamwambia, "unataka niendeshe ligi kwa kalenda ya omena?"

Kocha Mkuu alipopata kazi Kisumu, filimbi ikanijia mimi. Msimu huo tulikuwa karibu kushushwa daraja. Mwenyekiti aliitisha kikao pale pale uwanjani, akaja na mpango: kuongeza wavuvi wengine kutoka Remba, ili hata giza likiingia wapatikane wawili watatu.

"Watu wa soko wanataka ushindi sasa," alisema. "Tukishuka daraja, nani atakuja? Timu bila watu ni mazoezi ya viungo tu."

Hakuwa mjinga. Alichosema kilikuwa kweli, nami nilimwambia hivyo. Kisha nikamwambia ninachotaka: vijana wa benchi wacheze, giza na mbalamwezi, hata kama tutashuka.

"Mama, hawa watoto watapigwa!"

"Watapigwa, Mwenyekiti. Nimelea wadogo zangu. Mtoto humngoji awe mkubwa ndipo umpe jembe. Unampa, analima vibaya, mnakula hicho hicho alicholima."

Odhiambo alikuwa amesimama chini ya ringi, mikono kiunoni. Goti lake lilikuwa limeanza kumsumbua. Alikuwa ameichezea Migori ujana wake wote bila kushika kombe, na sote tulijua kwamba timu moja ya Homa Bay, iliyokuwa ikiongoza ligi, ilikuwa imemwita.

"Kwa hiyo, Nyar Kabondo," aliuliza polepole, "mimi nizeeke bila kombe?"

Ningeweza kumpoza.

"Huenda," nilisema. "Ukibaki hapa, huenda."

"Basi hukunidanganya," akasema, akachukua begi lake akaenda.

Mwenyekiti aliguna. "Umetufukuzia mtu." Lakini kabla ya kuondoka alinipa msimu huo na mwingine wa kujaribu.

Wiki iliyofuata ilikuwa ya giza, wiki ya omena. Nilifika mazoezini nikakuta Odhiambo amewapanga vijana wawili wawili. Kijana mmoja wa benchi, mzaliwa wa Kehancha, Chacha, alikuwa anasukumwa kama mlango mbovu.

"Omera, ndugu yangu, keti! Keti chini!" Odhiambo alimpigia kelele. "Mbona unaogopa mgongo wangu, nimebeba nyoka?"

"Wewe ni mzito, baba!"

"Mimi ni mzee. Wa Homa Bay ndio wazito."

Nikamuuliza mtumbwi wake uko wapi. Alisema amemwachia ndugu yake. Nikamuuliza kuhusu Homa Bay. "Huko wana kila kitu," alijibu. "Mimi ningefanya nini?" Kisha akamgeukia Chacha tena, akampa mgongo.

Tulishuka daraja. Watu wa soko walitucheka, kisha wakaacha hata kuja kutucheka. Mwenyekiti, nimpe haki yake, alikaa peke yake kwenye jukwaa mechi baada ya mechi, akinung'unika, lakini alikaa. Vijana walianza kupoteza kwa tofauti ndogo. Siku moja niliona Chacha, mpira ukiwa hewani, hakuutazama. Alimtafuta mtu wake, akaketi chini. Odhiambo, ambaye goti lilikuwa limeshamkalisha benchi, alinipiga bega mpaka likauma.

Tulipopanda tena na hatimaye kushinda kombe, yeye alikuwa amerudi Remba. Medali zilitolewa kwa waliokuwa kwenye kikosi. Vijana walitaka kumpelekea moja, nami nikampigia simu.

"Msinipe kitu cha mtu," alisema. Nyuma yake nilisikia watoto wakipiga kelele. "Nyar Kabondo, ukitaka kunilipa, niletee ringi. Hawa wanatupa mpira kwenye beseni la omena, na mama zao wananitukana mimi."

Sasa nimestaafu. Chacha ndiye kocha, na huwaanzisha vijana wachanga kabla hawajawa tayari, hata Mwenyekiti anaponung'unika. Bado naulizwa kama timu inayoanguka itafute ushindi wa leo au ijenge upya. Jibu langu halijabadilika, ila sasa huongeza neno: kujenga kuna mtu anayekulipia, na mara nyingi si wewe kocha. Mtazame usoni kabla hujaamua.

Remba ni kisiwa kidogo, nyumba zimebanana juu ya mawe, na kupata pahali pa kusimamisha nguzo kumewachukua wazee wa ufuo vikao vingi. Mwezi uliopita walikubali kipande kilicho nyuma ya vichanja vya kuanikia omena. Nguzo imevuka ziwa, Odhiambo mwenyewe ameichimbia shimo. Ubao na ringi bado viko kwangu, vimeegemea ukuta wa jikoni.