Basi Lililoacha Kuingia Kwetu

Wenzangu mliokula vumbi la miaka ya sitini kule Uriri, mtanisahihisha nikikosea, maana shule niliishia darasa la nne na kichwa nacho si kile cha zamani. Ila basi la asubuhi silisahau. Lilitoka Migori kwenda Homa Bay, na likifika Uriri lilikata kona, likaingia kijijini kwetu, likachukua watu, kisha likarudi barabara kubwa. Tulilisikia kabla ya kuliona. Tuliacha nyoyo yetu ya mahindi na maharagwe kwenye sahani, tukalikimbilia tunuse moshi wake. Msicheke, moshi ule ulikuwa mtamu. Watoto wa leo wananukia marashi ya dukani na bado wananuna.

Halafu mvua kubwa ilipoisha, basi likaacha kuingia kwetu. Likawa linapita moja kwa moja. Mama yangu aliuza ndizi mbivu sokoni Homa Bay, na sare zetu za shule, sabuni, hata chumvi, vilitoka kwenye hizo ndizi. Sasa ndizi mbivu haipendi kichwa. Ukiibeba mwendo mrefu inafika uji. Tulikula ndizi asubuhi, mchana na jioni, mpaka kaka yangu akasema anasikia majani yanamwotea mgongoni.

Kondakta alituma neno kwamba kuna matope pale kijitoni.

"Basi tutayamaliza hayo matope," mama akasema.

Akina mama wakabeba mawe kwa karai, sisi watoto kokoto. Wanaume nao walikuja, lazima niseme haki, ingawa walichelewa. Tukayapanga mawe mpaka gari la ng'ombe likawa linapita bila kuzama. Basi halikuja.

Ndipo mama akawachukua wenzake, wakaenda kusimama katikati ya barabara kubwa na vikapu vyao. Sisi nyuma. Basi likapiga honi, likasimama. Dereva, kijana mpole aitwaye Ochieng', hakushuka. Alitazama dirisha la upande wa pili kama mtu aliyepotelewa na ng'ombe.

"Ochieng', mwanangu, tumekukosea nini?" mama akauliza. "Matope hakuna. Njoo uone."

Ochieng' akamgeukia kondakta wake.

"Hawezi kuja," kondakta akasema, anajikuna shingo. "Na hayo matope, mimi nilitumwa tu niyaseme."

Nyuma yetu Min Akoth, yaani mama yake Akoth, alikuwa ameshajifunika leso uso mzima na kutupa mgongo. Hapo wanawake wakaelewa wote kwa pamoja, kicheko kikaanza. Ochieng' alikuwa amepeleka ng'ombe wa mahari kwa kina Akoth juzijuzi. Min Akoth sasa alikuwa maro wake, mama mkwe, na Wajaluo wa zamani mnajua: maro humwangalii usoni, huli mbele yake, hukai karibu naye. Na Min Akoth kila siku ya soko alipenda kiti kile cha nyuma ya dereva. Kijana angeendeshaje, maro anampumulia kisogoni?

"Mwacheni mtoto wa watu," Min Akoth akasema ndani ya leso. "Basi liingie. Mimi nitatembea."

"Hutembei. Ni sisi sote au hakuna," mama akamjibu.

"Wewe, unataka nimwaibishe binti yangu?"

"Nataka ufike sokoni."

Zamani nilidhani Ochieng' alituonea. Leo sina hakika. Alishika heshima, na heshima hiyo tulimfundisha sisi wenyewe. Angemweleza nani, na hata kulitaja jambo lenyewe ni aibu? Lakini mama naye alikuwa na ndizi zinazooza.

Mama akavua leso yake ya pili, akaingia ndani ya basi bila kuomba ruhusa, akaifunga kwenye vyuma nyuma ya kiti cha dereva, ikaning'inia kama ukuta. Akaamuru dereva ainamishe kichwa kwenye usukani, Min Akoth apande, akae kiti cha mwisho kabisa.

"Akishuka, utainama tena. Hapo heshima ya nani imevunjika?"

Abiria mmoja mzee, aliyekuwa amekunja uso muda wote, akafikiri, kisha akasema, "Endesha, jua linapanda."

Siku ya soko iliyofuata basi liliingia kwetu, likapita juu ya mawe yetu, na sisi tukalikimbiza mpaka pumzi zikaisha.

Siku hizi mkwe na maro wanakaa kiti kimoja, wanaangalia simu moja na kucheka. Sisemi ni vibaya. Pengine wanapendana kuliko sisi. Magari nayo yamehamia barabara mpya, yametuacha tena, na nikilalamika wajukuu wananiambia mimi bibi yao, "Dani, si uite tu boda?" Hakuna anayejua dereva ni mtoto wa nani wala ameoa wapi. Enzi zetu gari likikuacha, ulilisimamisha, ukaliuliza sababu, na ulijibiwa na mtu.

Nimewaambia wanawake wenzangu wa kanisani: Jumatatu tunakwenda barabarani. Wengine wanasema magoti yanauma. Nimewaambia waje na viti.