Aliyekuwa Akinichapa Shuleni Anamuoa Mdogo Wangu, na Walii ni Mimi

Admin, naomba unifichie jina, maana huku kwetu Kiwangwa tunajuana wote. Wakubwa zangu humu, shikamooni. Mimi ni mwanaume wa miaka 28, sijaoa, kazi yangu ni kupakia mananasi kwenye malori.

Shuleni nilikuwa kipanga. Mwili mdogo, miwani mikubwa, mpira sijui, kitabu hakinitoki mkononi. Kuna mwenzetu mmoja darasani nilimkera kwa kuwepo tu. Matokeo yakitoka ananisubiri kwenye mikorosho, njia ya nyumbani, ananichapa fimbo moja kwa kila alama niliyompita. Wenzake wanahesabu huku wanacheka. Nikisema nyumbani naambiwa nijikaze, mimi ni mwanaume. Basi nikaanza kukosea makusudi kwenye mitihani ili nisimpite. Fimbo zikaisha kweli, ila na hamu ya kusoma ikaisha nazo. Kidato cha nne nikapata ziro, watu wakasema nililewa sifa.

Huwa nawasoma humu mkisema vipanga walioonewa ndio mabosi wa leo, na waliowaonea sasa wanawaomba kazi. Labda kwenu. Huyu wa kwetu ana malori yake Chalinze, anaswali, anasalimia wazee vizuri, watu wanampenda. Mwezi uliopita mshenga wake alikuja kumposea mdogo wangu wa kike. Baba alishafariki na babu pia, kwa hiyo walii wa kumuozesha ni mimi.

Alipokuja kujitambulisha alinikumbatia. "Profesa, tulikuwa tunakutania sana wewe," akasema. Wajomba wakacheka, na mimi nikacheka. Hicho kicheko changu kinaniuma mpaka leo.

Nilimweleza mama kila kitu. Akaniambia, "Mwanangu, hayo ni mambo ya utoto. Usimharibie mwenzio kwa sababu wewe maisha yamekukataa." Kama mama yangu mzazi anaona ni wivu, hao wengine watasemaje?

Juzi mdogo wangu akanifuata uani nikiwa nafua. "Kaka, wewe umesoma naye. Akikasirika anakuwaje?" Nikamjibu ni zamani sana, sikumbuki vizuri. Akaniangalia kidogo, akarudi ndani. Anampenda, tena sana, na mimi sijawahi kumwona na furaha kama hii tangu baba afariki.

Ndoa ni Ijumaa. Shehe amesema ataozesha yeye kwa niaba yangu, lakini ruhusa lazima itoke mdomoni mwangu, mbele ya bwana harusi na watu wote. Inawezekana amebadilika. Inawezekana pia hajabadilika, na atakayejua ni mdogo wangu, akiwa peke yake huko Chalinze.

Ndugu zangu, mngekuwa nyie mngemjibu nini shehe? Niambieni mapema, msinitukane tu. Maana mimi najijua. Yule mtu akinikazia macho, nitasema nimeridhia.