Pamba Chini ya Tumbo

Mwili uliponipungua, ngozi haikuondoka nao. Ilibaki ikining'inia tumboni kama gunia lililomwagwa mahindi, ikajikunja chini ya matiti na kati ya mapaja. Nilikuwa nimetumia karibu miaka miwili kupunguza ugali, kuacha soda na chapati, na kutembea kila alfajiri, tangu daktari aliponiambia kwamba sukari yangu inapanda na naelekea alikoelekea baba. Watu waliniona mwembamba ndani ya nguo. Nilipovua, niliona mwili wa mtu aliyezeeka kabla yangu.

Mikunjo ile haikukauka. Jasho liliingia likakosa pa kutokea. Kwanza iliwasha, kisha ngozi ikawa nyeusi zaidi, ikalainika kama ya mtu aliyekaa sana majini, mwishowe ikachanika mistari myembamba iliyotoa majimaji. Ilinuka. Nalisema sasa kwa sababu kwa miezi mingi sikuweza kulisema: nilioga mara tatu kwa siku na bado nilinuka. Nilipoandika niliandika nimesimama, daftari juu ya kabati, kwa kuwa nikikaa tumbo lilijikunja na kuwaka.

Msimu ule wa mavuno nilikuwa nyumbani, kijijini nje kidogo ya Bariadi, namalizia riwaya. Tuliishi watatu: mama, bibi mzaa baba, na mimi. Baba alikuwa amefariki miaka minne nyuma. Kifo chake kilianza na kidonda kidogo kati ya vidole vya mguu, alichokificha ndani ya kiatu mpaka mama akasikia harufu. Hospitalini wakamkata vidole, kisha mguu, kisha tukamzika. Ndiyo maana sikusema. Kidonda changu chenyewe sikukiogopa sana. Nilichoogopa ni uso wa mama siku atakayokiona.

Sebule yetu ilijaa pamba hadi usawa wa dirisha, ikisubiri siku ya kupimwa. Asubuhi moja nilichukua konzi moja ya pamba, nikatoa mbegu, nikaiweka chini ya tumbo. Ilinyonya jasho. Kwa saa nzima nilikuwa mkavu, na ukavu ule ulikuwa raha ambayo nilikuwa nimesahau kwamba ipo. Tangu hapo kila siku niliiba pamba ya nyumbani kwetu, jioni naitupa chooni. Siku ya nne ngozi ikaanza kuchoma kama iliyopakwa pilipili. Nikadhani pamba haitoshi, nikaongeza.

Mama alipokwenda kisimani, mimi na bibi tuliketi mkekani kuchambua, pamba safi huku, na fifi, ile iliyochafuka, kule. Bibi aliniita mke mwenza, kama mabibi wengi wanavyowatania wajukuu wao wa kike.

"Mke mwenza, umejikondesha hivyo kwa ajili ya nani? Babu yako angefufuka angekurudisha kwenu leo hii."

"Angekurudisha wewe usiye na meno."

"Meno ya nini? Mimi nilikuwa nalishwa."

Nilicheka, nikainuka kuvuta kapu. Kitonge cha pamba kikadondoka kutoka chini ya gauni langu. Bibi alikiokota akitaka kukitupa kwenye fifi, kisha mkono ukasimama. Kilikuwa cha njano, kimelowa. Akakinusa.

"Hii haikutoka shambani."

Nikaliweka kapu chini.

"Inua nguo."

"Bibi, ni jasho tu."

"Inua nguo, mwanangu."

Hakuwahi kuniita mwanangu. Niliinua gauni, kisha nikainua tumbo lenyewe kwa mikono miwili. Alitazama kwa muda mrefu. Hakutania.

"Tangu lini?"

"Tangu kabla ya mvua kuisha."

"Na yule mwanangu, baba yako, alisema hivyo hivyo. Alisema ni fangasi tu za kiatu." Aliufunika mwili wangu yeye mwenyewe, kama anayefunika chakula. "Mama yako anajua?"

"Hajui. Usimwambie, bibi."

"Mama yako ndiye aliyekuwa anaosha ule mguu. Harufu hii hawezi kuisahau. Labda ameshajua, anaogopa kukuuliza." Akarudi kwenye pamba yake. "Utamwambia leo. Usipomwambia wewe, nitamwambia mimi."

Nilimwambia jikoni, akisonga ugali. Mwiko ulisimama ndani ya sufuria.

"Kiko mguuni?"

"Hapana, mama. Tumboni, chini ya mikunjo."

"Mguuni hakuna?"

"Hakuna."

Akaepua sufuria, akaniketisha kwenye kigoda, akanivua kandambili. Alitenganisha vidole vyangu kimoja kimoja, akimulika kwa simu ingawa jua lilikuwa bado halijazama. Hakukuta kitu, akarudia mguu wa kwanza.

Asubuhi tulikwenda kituo cha afya mjini. Daktari alikuwa kijana, hakukunja uso nilipofungua nguo. Alisema ni fangasi, wanaopenda mahali penye joto na unyevu. Nilipomweleza habari za pamba alimgeukia mama.

"Mlipiga dawa ya wadudu?"

"Kila tulipoona funza wa pamba," mama alijibu kwa sauti ndogo.

"Basi amejiwekea dawa ya funza na mabaki ya majani makavu juu ya ngozi iliyochubuka."

Alinielekeza: nioge kwa sabuni isiyo na manukato, nijikaushe kwa kugusagusa kwa kitambaa bila kusugua, nipake krimu mpaka siku alizoniandikia ziishe, hata kama kuwasha kutakoma mapema. Ndani ya mikunjo nilaze kipande safi cha shuka kuukuu, nikibadilishe kila kinapolowa. Pakichanika tena au nikipata homa, nisikae nyumbani. Nilimuuliza kama itaisha kabisa. Alisema mikunjo ikiwepo, joto likizidi, inaweza kurudi. Hakunidanganya. Imesharudi mara mbili, na katika mkoba wangu vipande vya shuka hukaa pamoja na kalamu.

Lakini siku ile mama hakuwa anasikiliza habari za shuka. Alikuwa anatazama kimashine cha kupimia sukari kilichokuwa mezani.

"Mpime sukari, daktari."

Alinichoma kidole. Tukasubiri.

"Iko sawa, mama. Amejitahidi sana huyu. Hivi vidonda vitapona."

"Hata baba yake kuna siku ilikuwa sawa," mama alisema. "Mpime kidole kingine."

Daktari alinitazama. Nikampa mkono wa pili. Majibu yalikuwa karibu yale yale, akamgeuzia mama kimashine asome mwenyewe. Mama alisoma. Midomo yake ilitikisika kama anayehesabu. Kisha akauweka mkoba wake mapajani, akaushika kwa mikono yote miwili.

"Samahani, baba," alimwambia yule kijana. "Mara moja tu. Ya mwisho."

Daktari alifungua sindano mpya. Mimi nilikuwa nimeshanyoosha kidole cha tatu.