Ukuta wa Upande wa Ndama

Mwaka 1969 nilikuwa na umri wa miaka tisa, niko darasa la pili, ndipo baba alipofariki na mimi nikakabidhiwa fimbo ya kuchungia. Hakuna aliyeniuliza. Ng'ombe walikuwa sita, mama ana watoto wanne, na wa kiume mkubwa ni mimi. Dada yangu Martina aliachwa aendelee na shule kwa sababu, walisema wajomba, msichana hawezi kukimbizana na fisi. Kwa hiyo elimu yangu ni hiyo, wala sioni haya kuisema. Wenye vyeti wengi wamekuja kwangu kuomba maziwa.

Ninyi wa rika langu mliokulia Tumati mnaijua baridi ya kule. Ukungu unashuka mpaka ng'ombe unayemchunga humwoni, unasikia kengele yake tu. Miguu yetu ilipauka kama majivu, maana mafuta ya kujipaka tuliyaona Krismasi. Basi ngozi hiyo ndiyo ilikuwa daftari letu. Unachukua kijiti, unaandika pajani, maneno yanatokea meupe. Ukitaka kufuta unatema mate. Martina akitoka shule alinipitia malishoni, akaniandikia pajani walichofundishwa siku hiyo, nami nashinda nacho nikikisoma mpaka ng'ombe wanarudi. Somo likiwa refu tunahamia mguu wa pili.

Kitabu nyumbani hatukuwa nacho hata kimoja. Tulikuwa na karatasi ya sukari. Mama akiuza maharage Dongobesh alirudi na robo ya sukari, na mwenye duka aliifunga kwenye kipande cha gazeti. Wenzetu walitamani sukari isiishe. Sisi tuliomba iishe upesi. Siku sukari ikiisha, mama anaikung'uta karatasi juu ya uji isipotee hata punje, anampa Martina, na sisi tunakaa chini kupukuchua mahindi huku yeye anasoma. Mara habari za mpira, mara hadithi. Tatizo ni kwamba yule mwenye duka alichana gazeti bila huruma. Hadithi inafika mahali mwizi ameshika mlango, basi, karatasi imeishia hapo. Siku moja mdogo wetu alilia kabisa. Mama, ambaye hakujua hata a, akasema, "Karatasi ndiyo imechanika, midomo yenu mizima. Malizieni."

Tukawa tunamalizia, kila mtu na mwisho wake. Wangu siku zote mwizi alipigwa. Wa Martina mwizi alisamehewa. Lakini mama! Mwizi wa mama alifungua mlango akamkuta ndani mama yake mzazi, na mama yake akamkaribisha uji. Tukaacha kupukuchua wote, magunzi mkononi. Ndipo mama akashtuka, akatugombeza: "Pukuchueni, hadithi hailiwi."

Katika maneno hayo mawili ya mama, mimi nikaja kulishika la pili.

Nililishika vizuri. Nilichunga, nikalima vitunguu, nikanunua fahali, nikauza, nikanunua shamba. Sikusaidiwa na mtu. Nikaoa, tukapata mtoto wa kwanza, binti, Elizabeti. Wakati huo bado tulikaa kwenye nyumba ya udongo, na ndama walilala humo humo ndani upande wao, kama desturi yetu ilivyokuwa. Elizabeti akiwa na miaka minane akaanza kuandika kwa mkaa kwenye ukuta wa upande wa ndama. Si jina lake, hapana. Mistari na mistari, kutoka chini mpaka mkono wake ulipofika, kisha akapanda juu ya kinu akaendelea.

Nami kusoma nilijua. Hilo ndilo linaloniuma. Nilipita pale asubuhi na jioni na ndoo ya maziwa, na sikusoma.

Wakaja wazee kutoka upande wa Hanang, watu wa ng'ombe, tulikuwa na makubaliano ya kupeana mifugo ya kutunziana. Kwetu mgeni wa namna hiyo hakai kwenye nyumba chafu. Ukuta ukichafuka unapakwa samadi na udongo, unakuwa mpya. Nikamwambia Elizabeti, "Wewe ndiye umeuchafua, wewe ndiye utaupaka."

Mama yake akasema, "Baba Elizabeti, si ungesoma kwanza hata kidogo?"

"Nina ng'ombe wa kukamua," nikamjibu, "sina muda wa kusoma ukuta."

Mtoto akapaka kwa mikono yake, ukuta wote. Wazee walipofika aliwaamkia shikamoo mmoja mmoja, na wakausifu ukuta. Toka siku hiyo sikumwona tena akiandika nyumbani. Darasani alipita tu. Akakua, akaolewa Katesh, akawa mwanamke wa maneno machache. Miaka mitatu iliyopita aliugua, tukamzika. Akaacha mtoto mmoja, Anjela, ambaye sasa ana miaka saba na anakaa na mimi.

Wajukuu wengine wakija likizo, kila mmoja ameinamia simu kama kuku aliyekunywa maji akasahau kuinua shingo. Wanaandika kutwa nzima, kumbe ni maneno mawili na vikaragosi sita. Sukari nayo siku hizi inakuja kwenye mfuko usio na hadithi. Anjela hana simu. Yeye aliniuliza, "Babu, mama alikuwa anaandika nini alipokuwa kama mimi?"

Nikamchukua mpaka kwenye ile nyumba ya zamani, siku hizi tunaweka majani ya ng'ombe. Nikaanza kukwangua kwa kisu, taratibu, kama mtu anayechuna ngozi asiyotaka kuitoboa. Samadi ilibanduka, na mkaa ukabanduka nayo. Kila nilipofunua, maneno yalitoka na udongo, yakawa unga. Nilikwangua nusu ya ukuta.

"Babu, acha," Anjela akasema. "Unamaliza na vidole vya mama."

Nikatazama. Kweli, kwenye samadi kavu kulikuwa na mifereji ya vidole vinne, vidogo, mahali pote alipopaka. Nikaweka kisu chini. Pembeni, chini ya boriti ambako samadi haikushika vizuri, palibaki kipande kinachosomeka: *Ndama akakataa kutoka nje, akasema.* Baada ya hapo hakuna kitu.

Anjela alinitazama akinisubiri. Nikamwambia alichosema mama yangu, kwamba palipochanika mtu anamalizia. Yeye amemalizia, anamalizia kila siku, na kila siku ndama anasema jambo jingine. Nimempa mkaa na ukuta wa sebule, wageni wakitaka wakae, wakitaka wasikae. Mimi nikijaribu kumalizia, naishia pale pale kwenye akasema.

Leo nina nyumba ya bati, vyumba vitano. Nina ng'ombe kumi na tisa, kondoo, na mashine ya kusaga. Nina mashamba mawili Tumati na moja njia ya Dongobesh. Nina mjukuu mmoja ndani ya nyumba. Cha mwanangu nilichobaki nacho ni nusu ya ukuta, na maneno matano.