Barua Iliyovaliwa Shingoni

Habari ilinikuta ninanyoa ndevu, wasomaji wangu: yule shofa mzee wa Beu, kule Beni, ametutoka, na wanamzika leo kabla jua halijazama, kama dini yake inavyotaka. Nilirukia gari la kwanza kwenda Beni nikiwa na ndevu za shavu moja. Ninyi mnaonisoma kila juma mnanijua, mimi msomi wa shule ya jioni natia chumvi hata kwenye chai, donc mnisamehe nikisema kwamba lori lake likikohoa Beni, majogoo wa Butembo walijibu. Lakini habari ya barua sitaiongeza hata punje. Inatosha ilivyo.

Wakati wa uhuru kulikuwa na bwana mmoja wa siasa mwenye ofisi Beni, na mke wake alikaa Butembo, huku Kimemi. Posta ilikuwa imelala usingizi, kwa hiyo lori la rafiki yetu ndilo lilikuwa posta. Barua za kazi zilisomwa kwa sauti mbele ya watu wa chama, uwanjani, baada ya ibada. Shida ni kwamba yule bwana hakujua kutenga ofisi na jikoni. Juu aliandika mambo ya taifa na uchaguzi; chini, karatasi ileile: mwambieni mke wangu maharage yasinyeshewe, na lile koti alishone kifungo. Msomaji naye alisoma yote mpaka sahihi. Butembo nzima ilicheka, na mbuzi wake. Mama akachoka, akatuma jibu kwa mdomo: "Shofa, ambia bwana yangu mimi hapana komite. Aniandikie yangu, aifunge na gundi."

Rafiki yetu alikuwa amesoma Kurani tu. Herufi za shule za wazungu hakuzijua, basi nyuma ya kila bahasha aliandika jina la aliyeandikiwa kwa herufi za Kiarabu, asije akakosea mlango. Siku waasi walipokuwa wanakaribia Beni, bwana alimpa bahasha moja iliyofungwa vizuri. "Hii ni ya mama peke yake. Nimechelewa, mais nimeiandika." Njiani wakakuta kizuizi cha waasi. Siku zile sahihi ya yule bwana ilitosha kuua kila mtu aliyekaa juu ya magunia. Wakampekua shofa, wakaitoa mfukoni. Kijana mmoja wa waasi akaigeuza, akayaona maandishi ya nyuma.

"Papa, hii ni dawa ya risasi?"

Shofa akanyoosha mkono kuirudisha mfukoni.

"Angalia, anaificha! Ulitaka ikulinde weye peke yako? Mutu mubaya weye!"

Wenzake wakacheka. Kijana akaikunja, akaifunga kwa kamba, akaivaa shingoni kama hirizi, lori likapita na watu wake wote. Yule bwana alikamatwa siku hizohizo, akauawa. Kaburi hatukuonyeshwa.

Shofa alikwenda moja kwa moja Kimemi, akaeleza yote. Mama akauliza neno moja: "Ilisema nini?" Akajibu, "Mama, hapana jua. Ilikuwa na gundi." Tangu hapo mtu yule aliishi kwa kutazama shingo za watu. Sokoni, msikitini, matangani, macho yake hayakupanda mpaka usoni. Nikamtania, "Papa, unatafuta tai ya kununua?" Hakucheka. "Iko inatembea fasi fulani, kwenye shingo ya mutu, mwanangu." Na kila alipofika Butembo alisimamisha lori kwa mama, akasema, "Mama, haijaonekana." Naye akamvutia kiti, akampa chai. Miaka na miaka, habari ni ileile, kiti ni kilekile.

Matangani nilimkuta mama, amezeeka, amekaa na wanawake wa nyumba. Akanishika mkono. "Sasa nani atakuja kuniambia haijaonekana?" Mimi, mwenye maneno ya kujaza maghala yote ya kahawa ya Butembo, nilimmiminia chai tu. Tangu siku hiyo kuna jambo linanifuata: je, kama yule kijana alikuwepo bwana alipouawa? Je, kama bwana aliiona barua yake ikining'inia mbele yake? Maneno yake ya taifa leo hakuna anayeyakumbuka, tunakumbuka maharage. Neno pekee lililokuwa la mkewe aliliacha mpaka mwisho, na mwisho haukumngoja. Nami pia nawaandikia ninyi kila juma, na mke wangu ananisoma gazetini kama jirani yeyote. Basi nimemwandikia yake, nikaifunga na gundi, nikampa mkononi. Msiseme mtaandika kesho.

Jumamosi nilikwenda Kimemi, nikasimama mlangoni. "Mama," nikasema, "haijaonekana." Alinitazama shingoni kwanza, ndipo akanivutia kiti.