Magogo Matatu ya Mardhiya

Asubuhi ya Alhamisi Mardhiya aliweka magogo matatu kwenye moto wa jiko, akiyahesabu kwa sauti ili mumewe na fundi aliyeitwa wasikie.

"Moja. Mawili. Matatu. Umeona, Muhiddin?"

"Nimeona, Mama Sundus. Mbele ya watu unaweka matatu."

Mardhiya akaubamiza mlango wa jiko mpaka kioo chake kikatetemeka.

Lilikuwa jiko la chuma, lililoachwa na mzee wa Kiingereza aliyewauzia nyumba ile ya Hounslow. Mgongoni lilikuwa na boila: moto wa kuni ulipasha maji, pampu ikayasukuma hadi kwenye redieta za kupasha joto vyumba vyote na kwenye tangi la maji ya kuogea. Muhiddin hakuwahi kuligusa. Mardhiya, aliyekulia Wete akipuliza moto wa mafiga, ndiye aliyejifunza tabia zake: kuni zipi zimekauka, hewa iachiwe kiasi gani. Mikono yake, iliyoogesha wazee wa watu kazini kila usiku, ilipata nafuu mbele ya jiko hilo tu.

Lakini kwa wiki tatu sasa, kila Muhiddin alipokwenda kazini, jiko lilinguruma. Mabomba yaligonga kama mtu aliyefungiwa ndani, mvuke ukapanda hadi darini. Mardhiya alikuwa akichota makaa kwa koleo, akiyakimbiza uani ndani ya ndoo ya bati huku machozi yakimtoka kwa moshi. Jioni Muhiddin akirudi na Mardhiya akiwasha upya, jiko lilikuwa shwari.

"Mbona nikiwepo halisemi?" alikuwa akiuliza.

Swali hilo lilimchoma mkewe kuliko makaa. Na Muhiddin hakuishia hapo. Alikwisha kutuma ujumbe kwenye kundi la ukoo, kuanzia Pemba mpaka Croydon kwa dada yake Hayat, kwamba Mardhiya nusura alipue nyumba. Hayat akajibu kwa vikaragosi vya kucheka, saba kwa mstari. Leo Muhiddin alikuwa amemwita fundi alikague jiko, kisha aling'oe.

Fundi Dhiren, mzaliwa wa Kisumu mwenye nywele nyeupe tupu, alipiga goti akafungua sanduku lake la zana.

"Mama, nasikia unajaza kuni kama unapika biriani ya harusi."

"Umesikia kwa nani? Kwa huyo aliyesimama hapo! Yeye hajui hata kuni zinakaa wapi!"

Muhiddin akacheka, akaenda kwenye kabati la chini ya ngazi kuchukua viatu vyake vya kazini. Akavivaa, akarudi kuaga, na maneno yakamnogea. Akaanza kumweleza fundi jinsi wanawake wasivyojua kiasi. Robo saa ikapita akieleza.

Bomba likagonga. Likagonga tena, kwa nguvu zaidi.

"Magogo matatu!" Mardhiya alipiga ukelele. "Matatu, Muhiddin, na wewe upo!"

Dhiren aliifunga hewa ya jiko haraka, akaishika pampu. Ilikuwa kimya. Akaufuata waya wake kwa macho hadi kwenye kabati, akalifungua, viatu vikamwagika miguuni pake.

"Nani amezima swichi hii?"

Muhiddin alivitazama viatu alivyovaa. "Tangu nianze kuweka viatu humo, wiki tatu hizi, mimi huzima swichi zote nikitoka. Kwetu umeme ukikatika, ukirudi unaunguza vitu. Jioni huwasha tena."

"Bwana, umezima pampu na moto unawaka! Maji yaende wapi? Yanachemkia humo humo."

Akaiwasha. Taratibu mabomba yakanyamaza, na ukimya huo ulimkasirisha Mardhiya zaidi ya kelele zote.

"Miaka kumi na minne uko London, bado unaogopa umeme wa Pemba! Wiki tatu nakimbia na moto ndani ya ndoo, wewe unanicheka!"

"Basi, nisamehe, mke wangu. Yameisha."

"Hayajaisha. Uliuambia ukoo mzima. Sasa uambie ukoo mzima."

"Nitachelewa kazini."

"Chelewa."

Muhiddin akatoa simu, akaisogeza mdomoni. "Assalamu alaykum, jamaa. Ile habari ya jiko, kumbe palikuwa na tatizo dogo tu la umeme..."

"Futa," alisema Mardhiya, koleo la makaa mkononi. "Anza tena. Na ulitaje jina lako."

Dhiren alianza kurudisha zana zake sandukuni, moja moja, polepole kabisa, asije akakosa neno.