Mshumaa Ndani ya Ndoo

Wachimba visima wenzake walimbandika jina la Fuko akingali kijana, kwa jinsi alivyokuwa akizama ardhini huku akipiga mluzi, kama mtu anayeingia sebuleni kwake. Mwaka jana udongo ulimfunika mdogo wake kisimani. Walipomfikia alikuwa ameshapoa, mikono ameiweka juu ya kichwa. Tangu siku hiyo Fuko alibaki na jina tu. Hakushuka tena. Alishika kazi ya juu, kuzungusha roda na kuvuta ndoo za udongo.

Kilichomla hakikuwa kifo chenyewe. Ni kule kufa peke yake gizani, labda akiita, na juu kusisikike kitu. Fuko aliacha kufunga mlango wa choo. Kanisani alihamia benchi la mwisho, penye upepo. Mchungaji alimwekea mikono, akamwambia mwenye imani haogopi. Fuko akaitikia amina, akarudi nyumbani akijua kwamba basi yeye hana imani.

Aliyekuwa akishuka sasa ni shemeji yake, kaka wa mkewe, mtu asiyeishiwa maneno.

"Fuko gani anaogopa shimo?" alikuwa akipaza sauti kutoka chini. "Shemeji, tukubadilishe jina. Tukuite Kuku."

"Chimba wewe, acha domo."

"Nachimba. Wewe usisinzie huko juu, nitamwambia dada."

Asubuhi moja baada ya mvua kubwa, ukuta wa kisima uliachia. Mshindo wenyewe haukuwa mkubwa. Ulikuwa kama gunia linalobwagwa sakafuni. Kisha kikohozi, na sauti nyembamba ya shemeji: "Kifua... Shemeji, kifua."

Alikuwa amefukiwa mpaka kwapani, kamba isingeweza kumng'oa. Mwenye kiwanja akatoka mbio kutafuta zimamoto. Majirani walijaa, lakini wote walisimama mbali na mdomo wa kisima, kila mmoja akimtazama mwenzake.

Wachimbaji wana utaratibu wao. Kabla mtu hajashuka, mshumaa huwashwa ndani ya ndoo na kutangulizwa. Ukizimika, hewa ni mbaya, na hakuna anayeshuka hata kama aliye chini ni mwanao. Fuko aliiteremsha ndoo, nayo ikawa inajigonga ukutani. Aliutazama ule mwali ukizidi kuwa mdogo, na moyoni akauomba uzimike. Uzimike tu, wala hakuna atakayemlaumu.

Mwali ulifika chini ukasimama wima.

"Bwana, naogopa," alisema. Hakuwa na sala nyingine. Woga haukupungua hata chembe. Lakini likamjia jambo alilolisikia tangu utotoni bila kulitafakari: kwamba Yesu naye, bustanini, alitokwa jasho la hofu, akaomba aepushwe, kisha akainuka akaenda. Na hakuna aliyewahi kusema kwamba hakuwa na imani.

Fuko alijifunga kamba kiunoni, ncha nyingine akawakabidhi majirani. "Nishusheni."

Chini palinuka udongo mbichi. Shemeji alikuwa amefumba macho.

"Nani?"

"Mimi."

"Muongo. Fuko hashuki."

Alichimba kwa vidole. Kila konzi aliyoitoa ilifuatwa na nyingine kutoka ukutani, na kila shemeji alipotoa pumzi, udongo ulikaza zaidi. Mwishowe Fuko aliacha kuchimba, akamshika mkono. Wakasali Baba Yetu, mmoja kwa sauti, mwingine kwa midomo tu. Kisha Fuko akaimba wimbo wa kanisani, mwingine, na mwingine tena. Zimamoto walipofika na mbao zao, ule mkono ulikuwa umelegea zamani.

Nyumbani alimkuta mkewe ameketi sakafuni. Habari zilikuwa zimemtangulia.

"Alikuwa peke yake?"

"Nilikuwa naye."

"Wewe? Ulishuka wewe?"

"Nilishuka."

"Na woga wako?"

"Nilishuka nao. Haukuniacha mpaka napandishwa." Alikaa chini kando yake. "Mwaka mzima nimekuwa nikisema mdogo wangu alikufa peke yake. Leo nimefika huko, mke wangu. Si patupu. Palikuwa na Mtu kabla yangu."

Mkewe aligeuka akamtazama.

"Kaka alisema nini mwisho?"

"Nilikuwa namwimbia. Akasema ninyamaze, Mungu alishasikia, na sauti yangu inamuumiza kichwa."

Mkewe alicheka, kisha akaanguka begani kwake akilia. Fuko alimshikilia kwa mikono iliyokuwa bado na udongo wa kisima.